Teke ni Neno la Mwisho: Namna Mifugo Inavyojilinda dhidi ya Wanyama Wawindaji

Mabibi na mabwana, wasikilizaji wapendwa,

Sote tumelelewa tukiambiwa kwamba asante ya punda ni mateke. Methali hiyo imemharibia punda jina kwa muda mrefu, na jioni ya leo naomba nianze kwa kumtetea. Punda harushi teke kwa kukosa shukrani. Anarusha kwa sababu nyuma yake ndiko walikozoea kurukiwa mababu zake porini, na mwili wake haukupewa muda wa kuhakikisha kama aliyemgusa ni mchungaji au ni fisi. Akimpiga mchungaji kimakosa, mchungaji atavimba paja. Akimstahi fisi kimakosa, hatapata tena nafasi ya kukosea.

Hata hivyo sikuja kuwazungumzia mateke peke yake, maana teke ni neno la mwisho katika mazungumzo yaliyoanza mapema sana. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba farasi, ng'ombe, kondoo na wenzao hujilinda zaidi kwa macho, masikio, miguu na ukaribu wa wenzao kuliko kwa kwato na pembe, na kwamba sisi tunaowafuga tumezoea kutazama silaha ile inayotumika pale tu ambapo nyingine zote zimeshindwa. Mwindaji hataki vita. Anataka chakula kwa gharama ndogo, kwa sababu simba aliyevunjwa taya atakufa kwa njaa akiwa na nguvu zake zote. Mnyama anayewindwa, basi, hahitaji kumshinda mwindaji; inatosha kumfanya aone kwamba mlo huu utamgharimu mno.

Tuanze na jicho. Mkipata nafasi, msogeleeni farasi anayekula majani, mkitokea ubavuni ili asishtuke, kisha mtazame mboni yake. Mtaona kwamba si duara kama yetu. Imelala kama ufa mpana, sambamba na ardhi. Sasa msubiri ainue kichwa. Kichwa kilichokuwa kimeelekea chini sasa kimesimama, lakini ule ufa bado uko sambamba na ardhi, kana kwamba jicho lina kipimo cha fundi mwashi ndani yake. Jicho lenyewe huzunguka ndani ya tundu lake kadiri kichwa kinavyoshuka na kupanda. Mwaka 2015 watafiti walichapisha uchambuzi wa umbo la mboni katika aina 214 za wanyama wa nchi kavu, wakaonyesha kwamba mboni ya kulala ni ya wanyama wanaokula majani na kuwindwa, ilhali mboni ya kusimama, kama ya paka, huwafaa wawindaji wadogo wanaovizia karibu na ardhi. Kondoo na mbuzi huzungusha macho namna hiyo hiyo, tena kwa nyuzi 50 au zaidi. Faida yake ni kwamba mnyama anaendelea kuona ukanda wote wa upeo wa macho huku mdomo wake uko kwenye nyasi, na ni katika ukanda huo ndimo adui wa miguu minne atakamotokea.

Kwa kuwa macho ya farasi yamekaa pembeni mwa kichwa, huona karibu nyuzi 350 kati ya 360. Kinachomkosesha kukamilisha duara ni sehemu nyembamba nyuma ya mkia wake na nyingine ndogo mbele ya paji la uso. Ndiyo maana mtu anayemjua farasi hamwendei kutoka nyuma akiwa kimya. Mahali pale ndipo pekee ambapo chui angeweza kusimama asionekane, na anayesimama hapo bila kujitambulisha amejiweka mwenyewe katika nafasi ya chui.

Masikio nayo hufanya kazi mbili. Kila sikio hugeuka peke yake, moja mbele na jingine nyuma, na hivyo farasi husikiliza pande mbili kwa wakati mmoja. Pamoja na kusikia, masikio husema. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwaonyesha farasi picha za farasi wengine waliokuwa wakitazama upande wenye chakula. Picha zilipofunikwa masikio, au zilipofunikwa macho, farasi hawakuweza tena kufuata mwelekeo ule vizuri. Kwa maneno mengine, farasi husoma masikio ya mwenzake kama sisi tunavyofuata kidole cha mtu anayeonyesha kitu. Katika kundi, basi, si lazima kila mmoja amwone mwindaji. Inatosha mmoja asimamishe shingo, aelekeze masikio mahali pamoja na kutoa pumzi kwa kishindo kupitia puani; wengine wote huacha kutafuna.

Hapa niseme kidogo kuhusu usingizi, kwa kuwa mwindaji mwenye akili huja wakati huo. Farasi husinzia akiwa amesimama. Katika mguu wa nyuma, pia ya goti huinuliwa kidogo na kutundikwa juu ya ukingo wa mfupa wa paja, na pale hukaa kama komeo, huku kano zikishikilia uzito bila misuli kuchoka. Mguu wa nyuma wa pili hupumzika ukiwa umegusa ardhi kwa ncha ya kwato tu. Baada ya muda anabadilisha. Hata hivyo kuna usingizi mmoja, ule mzito unaoambatana na ndoto, ambao haupatikani bila kulala chini kabisa, na farasi huuhitaji kila siku kwa muda mfupi, pengine nusu saa hivi. Katika kundi lililotulia mtaona baadhi wamejinyoosha ardhini na angalau mmoja amesimama juu yao. Farasi aliyefungwa peke yake mahali asipopaamini anaweza kukataa kulala chini kwa siku nyingi, hadi magoti yanaanza kumlegea akiwa amesimama; wengi humdhania mgonjwa, kumbe amekosa mlinzi.

Likija la kuja, farasi hukimbia. Asili yake ni nyika pana zisizo na miti, ambako hakuna pa kujificha na ambako kila hatua ya mbele ni faida. Mguu wake ni mrefu na mwembamba chini, unakanyagia kidole kimoja tu, na misuli mizito imewekwa juu, karibu na kiwiliwili, ili sehemu inayorushwa iwe nyepesi. Ndani yake kuna akiba nyingine isiyoonekana. Bandama la farasi huhifadhi kiasi kikubwa cha chembe nyekundu za damu, na anapotishika au kuanza kukimbia hujikamua na kuzimwaga kwenye mishipa, hata sehemu ya chembe hizo katika damu hupanda kutoka kama asilimia 40 hadi kupita asilimia 60. Ni kama msafiri anayeanza safari kisha akaongezewa mafuta njiani bila kusimama. Wawindaji wengi wanaovizia hawana pumzi ndefu. Wakikosa katika mita mia za mwanzo huacha. Farasi anajua hilo kwa namna yake, ndiyo maana baada ya kukimbia umbali fulani husimama, hugeuka, na kutazama ni kitu gani hasa kilichomtisha. Hukimbia kwanza, huuliza baadaye.

Mtoto naye hana budi kuingia katika utaratibu huo mapema. Majike wengi wa farasi huzaa usiku, na mtoto husimama ndani ya saa moja hivi, hunyonya muda mfupi baadaye, na kabla siku haijaisha anaweza kukimbia ubavuni mwa mama yake. Ng'ombe amechagua njia nyingine kabisa. Ndama wake hufichwa. Mama humlamba hadi akauke, mara nyingi hula na kondo la nyuma, na kwa kufanya hivyo hupunguza harufu ambayo ingemwita fisi au mbweha. Kisha humwacha amejikunja kwenye nyasi ndefu, kimya, shingo chini, na yeye huenda kula mbali kidogo. Mama hurudi kunyonyesha kisha huondoka tena. Mfugaji mgeni akimkuta ndama huyo peke yake humhurumia na kumbeba akidhani ametupwa, jambo ambalo humuudhi mama aliyekuwa akitazama kutoka kule ng'ambo kwa muda wote huo.

Lakini ndama huyo huyo akilia kwa uchungu, mambo hubadilika ghafla. Hapo haji mama peke yake. Ng'ombe wengine huja mbio vichwa vimeinamishwa, wakikoroma, na mbwa aliyedhani amepata ndama anajikuta amepata ukoo. Watu wengi wanaotembea malishoni na mbwa wao wamejeruhiwa, na wengine kuuawa, kwa sababu hii hasa: ng'ombe walimfuata mbwa, na mbwa akakimbilia miguuni mwa mwenye mbwa.

Sasa tumefika kwenye silaha zenyewe. Farasi hurusha teke moja kwa moja nyuma, kwa miguu miwili au mmoja, na nguvu yote ya matako na mapaja huishia kwenye ukingo mgumu wa kwato. Ng'ombe hurusha kwa namna tofauti: mguu wake huja mbele kwanza kisha huzunguka kuelekea pembeni, ndiyo maana mkamuaji aliyekaa ubavuni si salama kama anavyofikiri. Ngamia anaweza kukurushia mguu karibu upande wowote, tena ana meno ya kuogopwa. Nguruwe jike mwenye watoto huja kwa mdomo wazi, na sidhani kama yupo aliyewahi kufukuzwa naye akasahau. Pembe za ng'ombe na mbuzi ni mfupa hai uliovikwa ganda gumu, na thamani yake kubwa ni kwamba mwindaji huziona kutoka mbali.

Turudi kwa punda niliyeahidi kumtetea, kwa sababu yeye ndiye mfano ulio bora kuliko wote. Punda na farasi ni ndugu wa karibu, wanaweza hata kuzaa nyumbu pamoja, lakini wakitishwa hawafanani. Asili ya punda ni nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, zenye mawe na miinuko, ambako malisho ni haba na wanyama hawawezi kuishi katika makundi makubwa. Dume wa punda-mwitu hushika eneo lake, na uhusiano unaodumu ni wa mama na mtoto tu. Mnyama anayeishi hivyo hana kundi la kumficha, na kukimbia ovyo juu ya mawe ni kujivunja miguu. Kwa hiyo punda hufanya kile ambacho watu hukiita ukaidi: husimama. Anasimama kwa sababu anapima.

Mtazameni punda aliyeingiliwa na mbwa mgeni malishoni. Kwanza masikio yote mawili huja mbele na mwili hukauka kama kinyago. Anaweza kukaa hivyo kwa muda, pengine kwa mlio ule unaoweza kusikika kilometa kadhaa, ambao majirani hawaupendi lakini mbwa pia hawaupendi. Mbwa akiendelea kusogea, punda hulaza masikio, hunyoosha shingo chini karibu na ardhi, na kumwendea. Hii ndiyo tofauti kubwa. Farasi angekuwa ameshapotea nyuma ya kilima. Punda hufukuza, humng'ata mbwa kwenye kisogo au mgongoni, huenda akamwinua na kumtikisa, kisha humkanyaga kwa miguu ya mbele. Nimewahi kuona mbwa mkubwa akitoka kwenye ua wa aina hiyo kwa njia ambayo hakuingilia, na hakurudi.

Kwa tabia hiyo punda hutumika katika nchi mbalimbali kulinda kondoo na mbuzi. Wanaofanya kazi hiyo kwa uangalifu huweka punda mmoja tu katika kundi, kwa kuwa wakiwa wawili watafanya urafiki wao na kuwaacha kondoo. Humchagua jike au dume aliyehasiwa, kwa kuwa dume asiyehasiwa anaweza kuwadhuru watoto wa kondoo. Na humwingiza mapema ili azoee kuwaona kondoo kama wenzake. Amerika Kaskazini llama, mnyama wa jamii ya ngamia, amepewa kazi hiyo hiyo dhidi ya koyote, mnyama wa huko wa jamii ya mbwa. Lakini tusipambe kupita kiasi. Punda humfaa mfugaji dhidi ya mbwa mmoja au mbweha. Dhidi ya kundi la mbwa mwitu, simba, au fisi walioungana, punda ni mlo kama wengine, na anayemwacha peke yake na kondoo mahali pa namna hiyo amempa kazi isiyo yake.

Kondoo, aliyenyimwa mateke ya maana na, katika aina nyingi, pembe pia, ametegemea wenzake. Watu humcheka kwa kufuata mkumbo. Mwaka 1971 mwanabiolojia W. D. Hamilton alieleza hesabu iliyo nyuma ya mkumbo huo: katika kundi lililotawanyika, aliye karibu zaidi na mwindaji ndiye anayeliwa, na kila mmoja anaweza kupunguza hatari yake kwa kujipenyeza kati ya wengine wawili. Kila kondoo anapofanya hivyo kwa faida yake mwenyewe, kundi hubanana bila yeyote kutoa amri. Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, kondoo walivishwa vifaa vya kupimia mahali walipo kwa setilaiti, kisha akaletwa mbwa wa kuchunga. Ikaonekana wazi kwamba kila mmoja alikuwa akielekea katikati ya kundi. Huo ndio ushirikiano wao, kama tukitaka kuuita hivyo: kila mmoja anamtanguliza jirani yake kwa adui.

Mbuzi hukimbilia mawe. Hilo linatosha kwa mbuzi, ila naulizwa kila mara kuhusu wale mbuzi wa Tennessee, Marekani, wanaojulikana tangu miaka ya 1880, ambao wakishtuka hukakamaa na kuanguka. Wengine hudhani wanajifanya wafu ili wasiliwe. Sivyo. Ni hitilafu ya kurithi inayofanya misuli ichelewe kulegea baada ya kukaza. Mbuzi mwenyewe yuko macho wakati wote na bila shaka angependa sana kukimbia.

Kuku nao wasisahauliwe. Jogoo ana milio miwili tofauti ya hatari. Akiona mwewe hutoa mlio mwembamba wa kuvutwa, na kuku hujibana chini au kukimbilia kichaka. Akiona mbweha hutoa mlio wa kukatakata wenye kelele, na kuku husimama wima kutazama kila upande. Wakisikia mlio wa mwewe wakafanya la mbweha, watakufa. Bata wana lao la kustaajabisha zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba bata wakilala kwa mstari, wale wa katikati hufumba macho yote mawili, lakini walio mwishoni hulala zaidi na jicho moja wazi, lile linaloelekea nje, huku nusu moja tu ya ubongo ikiwa usingizini.

Baada ya kusema haya yote, lazima niseme na tulichowapokonya. Tumekata pembe ili tusichomwe. Tumefuga kondoo ambao sufu huwaota hadi machoni. Zaidi ya yote tumejenga ua. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na kwa kondoo ukingo huo ni wavu wa zizi. Mwindaji akiingia humo usiku, silaha zote nilizozitaja hugeuka kuwa hasara: kubanana kunawaweka pamoja, kukimbia kunawarudisha mbele ya meno yake, na kila anayeruka humchokoza tena. Ndiyo maana asubuhi mfugaji hukuta wanyama kumi wamekufa na hakuna aliyeliwa hata nusu. Watu husema mnyama yule alikuwa na roho mbaya. Mwaka 1972 mtafiti Hans Kruuk aliandika kuhusu uuaji huu wa ziada, na maelezo yake ni makavu kuliko hasira zetu: mwindaji hana kitu ndani yake kinachomwambia aache kuua wakati mawindo yako mbele yake na hayaendi popote, kwa sababu porini hali hiyo ni nadra mno.

Namalizia na ng'ombe wa Botswana, karibu na delta ya Okavango, kwa kuwa huko ule ufa wa mboni na ile sehemu nyuma ya mkia vimekutana. Watafiti walijua kwamba simba anayevizia mara nyingi huacha akigundua ameonekana. Wakachukua rangi, wakawachora baadhi ya ng'ombe macho makubwa matakoni, upande uleule ambao ng'ombe mwenyewe haoni. Wengine waliwachora alama ya msalaba, na wengine wakawaacha walivyo. Kwa miaka 4, katika makundi 14 yenye ng'ombe 2,061, hakuna hata mmoja kati ya 683 waliochorwa macho aliyeuawa na mwindaji wa kuvizia. Kati ya 835 wasiochorwa waliuawa 15, na kati ya 543 wenye misalaba waliuawa 4. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Katika kila kundi, hata hivyo, walikuwapo ng'ombe wasio na rangi, na simba walikuwa na wa kuchagua. Kama kila tako malishoni lingekuwa na macho, simba wangeendelea kuyaheshimu kwa muda gani? Nawakaribisha kwa maswali, na hilo ndilo ambalo ningependa tuanze nalo.